Pini Zilizolika kwa Wasiwasi

Mlipolifungua sanduku langu la vifaa mlicheka. Nilikuwa bado niko mlangoni na mkoba wangu wa kustaafu, nikawasikia. Mlikuta sumaku ya spika iliyovunjika, raba ya shule iliyochakaa kona zote, lenzi ya fundi saa, na kopo la mafuta ya mgando lililojaa vipande vya pini vilivyokufa. Mmoja wenu akauliza kama Mama Kulwa alikuwa fundi wa mizani au mwokota makopo.

Swali ni la haki, wadogo zangu, na nimeona nilijibu kwa maandishi. Mtakaa kwenye karakana yetu hapa Bariadi muda mrefu, na vitu vile mkivitupa bila kujua kazi yake, ipo siku mtavitafuta. Habari za vyeo sitaandika, hazitengenezi mizani. Nitaandika habari za pini, maana ndizo zilizonila miaka mingi kuliko kitu kingine chochote kwenye meza ile.

Siku ya kwanza nilikuja kazini na sketi ya kupigwa pasi na viatu vya kisigino. Niliambiwa naenda idara ya elektroniki, nami nikafikiri elektroniki ni ofisi yenye feni. Nikakuta chumba cha mabati chenye joto la tanuri la mikate, meza iliyoungua kila mahali, na mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Huyo ndiye Fundi Lukelesha, aliyepewa kazi ya kunifundisha. Hakuniuliza nimesoma wapi. Baada ya kusalimiana aliweka mbele yangu heda mbili, yaani vile vistari vya pini vinavyosimama juu ya bodi kama meno ya kitana, ambavyo soketi ya waya huchomekwa juu yake.

"Mmoja kati ya hawa ni mwongo," akaniambia. "Mtafute."

Zote mbili zilikuwa za manjano, zenye pini sawa na nafasi sawa kati ya pini na pini. Nilizitazama mpaka macho yakaniwasha. Nilikwaruza, nilinusa, nikaishia kusema mwongo ni huyu wa kulia, kwa kubahatisha tu. Fundi akatoa sumaku mfukoni, akaipitisha juu ya meza. Heda ya kushoto ikaruka ikang'ang'ania sumaku kama kupe. Ile ya kulia ikabaki imelala.

Akanieleza, nami nawaeleza ninyi. Pini nzuri ni ya shaba au mchanganyiko wake, na sumaku haiitaki. Pini ya bei rahisi ni chuma kilichovalishwa rangi ya kupendeza. Ukiiweka kwenye kifaa kinachokaa ghalani wakati wa masika, nguo ile inachanika na kutu inaanza ndani kwa ndani. Msishtuke mkiona pini ya dhahabu inavutwa kidogo tu, kwa kinyonge. Chini ya dhahabu huwa kuna utando wa nikeli, na nikeli huvutwa. Ile inayoruka ndiyo ya kuogopa.

Fundi Lukelesha hakuamini kitu ambacho hajakigusa kwa mita, na hata mita hakuiamini mpaka aigusanishe ncha zake kwanza aone kama inasoma sifuri. Chupa yake ya chai aliifunga kifuniko kwa waya wa risasi wa kuchomelea, kwa fundo analolijua yeye. Mimi ndiye niliyekuwa naleta maji ya moto, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa mshukiwa. Mwaka wa pili aliacha kuifunga. Siku hiyo nilikwenda nyumbani nikiwa mwepesi.

Alikuwa na msemo mmoja ambao nilidhani ni wa mzaha. Alisema kifaa kikikosea, shuku kiungo kwanza, halafu shuku kipande, halafu waya, na mtu awe wa mwisho kabisa. Alisema watu wengi huanza na mtu kwa sababu mtu ana uso wa kutazamwa, pini haina.

Sasa namna ya kuchagua heda. Najua mnaagiza kwa simu, mnaona picha, mnabonyeza. Picha haisemi kitu. Kwanza pimeni nafasi kati ya pini na pini. Zile za kawaida ni milimita mbili na nusu na ushee kidogo, lakini kuna za milimita mbili kamili zinazofanana nazo machoni. Ukilazimisha soketi ya moja juu ya nyingine, pini za mwanzo zitaingia vizuri na za mwisho zitapinda, nawe utasema umeletewa bodi mbovu. Pili, gusisheni pasi ya kuchomelea kwenye pini moja ya akiba kabla ya kuweka kwenye bodi ya mteja. Plastiki dhaifu italegea na pini itainama kama mlevi. Afadhali ilewe mezani kwenu.

Tatu ni uchaguzi wa kilichopakwa juu, bati au dhahabu. Bati si baya. Bati likibanwa kwa nguvu na lisitikisike, litadumu. Likitikisika hata kidogo tu, linajisugua, na ule unga wake hugeuka kuwa kitu cheusi kisichopitisha umeme. Dhahabu haishiki kutu, lakini mara nyingi imepakwa nyembamba kuliko mnavyodhani. Na msioze bati kwa dhahabu. Pini ya dhahabu ndani ya soketi ya bati ni ndoa ambayo upande mmoja unamla mwenzake. Nimefungua vifaa vingi vilivyosemekana vimerogwa, nikakuta ndoa hiyo.

Nne nilijifunzia Lamadi, kwenye chumba cha barafu cha mama mmoja anayefanya biashara ya sangara. Mtu alisafisha bodi ya kidhibiti joto, akarudisha soketi ikiwa imesogea pini moja pembeni. Umeme ukaingia pasipo njia yake, bodi ikatoa moshi, na samaki wakasubiri uamuzi. Mama yule aliniambia kwa upole kabisa kuwa ana uhakika ni shemeji yake, kwa kuwa walikuwa wamegombana. Shemeji hakuwa amekanyaga pale. Ilikuwa heda iliyo wazi, isiyo na kuta. Tangu hapo, mahali popote ambapo soketi itachomolewa na mtu asiye fundi, naweka heda yenye kuta na pengo upande mmoja, ili soketi iingie namna moja tu au isiingie kabisa. Msiweke kitu kinachomtegemea mtu akumbuke.

Nilidhani hayo manne yanatosha. Kisha nikaitwa Sola.

Simu ilipigwa na mzee wa kamati ya kituo kimoja cha kununulia pamba huko upande wa Sola, wilayani Maswa. Jina lake Mzee Shigela. Alinisalimia kwa Kisukuma, akauliza kama mimi ndiye mayu wa mizani, yaani yule mama. Nikamwambia ndimi. Akasema, "Njoo uthibitishe mizani ni nzima, tumalizane na mtu."

Hakusema nije niangalie kama ni nzima. Nilikata simu nikiwa na wasiwasi. Mtu akikuita uthibitishe jambo ambalo ameshaliamua, hajaita fundi, ameita shahidi.

Nilifika asubuhi na gari la karakana, na mawe yangu ya chuma ya kupimia nyuma. Watu walikuwa wameshakaa kwenye mizigo yao ya pamba. Nikasema mwangaluka, wakaitika, lakini macho yao yalikuwa kwa mwanamke mmoja aliyesimama kando ya mizani akiwa amefunga mikono. Huyo ndiye Minza, karani wa mizani. Malalamiko yalikuwa kwamba mizigo iliyopimwa nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza ikifika pale inapungua. Kwa wakulima, kilo zilizopungua haziyeyuki, ziko mahali. Na tena walikuwa wamemwona Minza akikipiga kofi kichwa cha mizani kabla ya kusoma namba. Kichwa ndicho kile kisanduku chenye kioo cha namba. Alikuwa anakipiga kila baada ya muda, mbele yao, bila aibu. Wakasema pale ndipo kilo zinapotolewa.

Jambo lililofanya shauri liwe zito ni kwamba Minza ni mke wa mtoto wa Mzee Shigela. Katika nyumba zao mkwe na mkamwana hawapeani kitu mkono kwa mkono, wala hawabishani mbele za watu. Mzee anaweza kumshtaki mbele ya kijiji kizima, naye hawezi kufungua kinywa kumjibu. Mkutano wa wanachama ulikuwa umeitishwa siku hiyohiyo alasiri. Mizani ikionekana nzima, Minza ni mwizi, anatolewa kituoni, na jina hilo atarudi nalo jikoni kwa mama mkwe wake na kuishi nalo.

Kituo kile kilikuwa na utaratibu ambao sijauona kwingine. Walikuwa na jiwe. Lilikuwa jiwe dogo la juu la kusagia mtama, lile la kushikwa mkononi, limelainika kwa miaka ya mikono ya wanawake. Uzito wake kila mtu aliujua. Liliwekwa juu ya mizani kila asubuhi kabla ya mzigo wa kwanza, na mlinzi wa jiwe alikuwa Mzee Shigela. Akaliweka mbele yangu. Mizani ikasoma uzito uleule wa siku zote.

"Jiwe halina ndugu," mzee akasema, na watu wakaitikia.

Nikapanga mawe yangu ya chuma. Nayo yakasoma sawa. Mzee akanitazama kama mtu anayengoja kalamu itoke mfukoni.

Hapo ndipo nawaomba mnisikilize kwa makini kuliko penginepo. Kila kitu kilikuwa kimepita. Ningeweza kusema nzima, nikanywa soda, nikarudi Bariadi kabla ya jua kali. Lakini nilisumbuliwa na lile kofi. Nikamwomba Minza tusogee upande wa ghala, nikamuuliza kwa nini anapiga.

Alijibu akitazama chini. "Inashuka yenyewe, mayu. Nikipiga inarudi."

"Inarudi wapi?"

"Juu."

Nikamuuliza tena, akasema tena: juu. Nilisimama pale nikiangalia mikono yake. Mwizi gani anapiga mizani ili imwongezee mkulima kilo?

Nikamwambia Mzee Shigela kwamba nitakaa. Akasema mizani si imeshapita? Nikamjibu kwamba imepita kirahisi mno, na mimi kitu kikipita kirahisi hunitia shaka. Hakupenda, lakini nadhani alilielewa neno shaka kuliko maneno mengine yote niliyosema siku ile. Wakaendelea kupima. Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikaikalia karibu na kichwa cha mizani.

Jua lilipopanda, bati la paa likaanza kulia, mizigo ikarushwa puu, puu juu ya bamba la mizani, na waya unaotoka kwenye bamba kwenda kwenye kichwa ukawa unacheza. Ukapandishwa mzigo mkubwa. Namba ikapanda, ikasimama, kisha ikashuka taratibu, mzigo ukiwa umetulia na hakuna mtu aliyeugusa. Minza akainua mkono kupiga. Nikamshika. Nikamwambia Mzee Shigela alete jiwe lake.

Tulishusha mzigo. Bamba tupu likasoma sifuri, safi kabisa. Tukaweka jiwe. Likasoma uzito wake uleule. Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma akasema, "Si mnaona? Mizani inawajua wanaoionea."

Mimi nilikuwa nimeshaelewa, na nitawaeleza kama nilivyowaeleza wao. Chini ya bamba kuna kifaa tunachokiita lodi seli. Kichwa kinailisha umeme kidogo, nayo inarudisha umeme mdogo zaidi kulingana na uzito uliowekwa. Ikiwa kwenye heda ile pini inayopeleka chakula imechafuka, seli inalishwa pungufu, na inachorudisha kinapungua kwa uwiano huohuo. Kukiwa hakuna uzito, hakuna cha kupunguza, kwa hiyo sifuri inabaki sifuri. Jiwe dogo linapoteza kiasi ambacho kioo hakina namba ndogo ya kukionyesha. Mzigo mkubwa ndio unaopoteza kilo. Niliwaambia ni kama mtu anayekumega kidogo katika kila debe: ukimpa kikombe hutaona, ukimpa gunia utalia. Na mawe yangu ya chuma yalipita asubuhi kwa kuwa soketi ilikuwa imetoka kuchomekwa, na kule kujikwaruza kwa kuingia kulikuwa kumeisafisha pini kwa saa chache.

Waliniamini nusu. Nilitegemea hivyo. Yule wa nyuma akauliza watajuaje kama si mimi na karani tumeelewana kule ghalani. Lilikuwa swali zuri. Nikafungua kile kifuniko kidogo cha nyuma, kilicho nje ya lakiri ya watu wa vipimo, ndani yake mna heda ya lodi seli. Nikampa Mzee Shigela njiti ya kiberiti.

Tukapandisha mzigo mkubwa, watu wote wakarudi nyuma hatua kadhaa, na Minza akaenda akasimama mbali kabisa, karibu na gari. Namba ilikuwa imeshuka. Nikamwambia mzee asukume soketi kwa njiti, polepole, upande wa kulia. Akasukuma. Namba ikapanda. Akaachia, ikashuka. Akasukuma tena, ikapanda tena, kilo zikirudi mbele ya macho yake kwa nguvu ya njiti ya kiberiti. Kisha, bila mimi kumwambia, akaagiza mzigo ushushwe, akaweka jiwe lake, akasukuma. Namba haikutikisika. Akasukuma upande huu, akasukuma upande ule. Jiwe likabaki palepale na uzito wake wa kila siku.

Akaniuliza, "Nani ameiharibu?"

Nilichomoa soketi, nikaitazama heda kwa lenzi. Pini zilikuwa zimelika dhahabu pande zote mbili, na kwenye weupe wa nikeli ya chini kulikuwa na unga mweusi na nyuzi za pamba. Heda haifiki hapo kwa kukaa. Nikamuuliza inachomolewa mara ngapi.

Hapo ndipo nikaujua utaratibu wa pili wa kituo kile. Ili asitokee mtu wa kuichezea mizani usiku, kila jioni kichwa kilichomolewa na kwenda kulala nyumbani kwa Mzee Shigela. Bamba lilibaki ghalani, na ufunguo wa ghala alikuwa nao Minza. Hakuna aliyeweza kuichezea peke yake. Asubuhi mzee anakuja na kichwa, anakiweka mezani, Minza anakiokota na kuchomeka mbele ya watu. Msimu baada ya msimu. Aliyebuni utaratibu huo alikuwa mzee mwenyewe, na kusema kweli ulikuwa wa akili.

"Imechomolewa kupita uwezo wake, mzee," nikamwambia. "Heda ya aina hii inatengenezwa ichomekwe kiwandani, isahauliwe. Haikutengenezwa kwa ajili ya ulinzi."

"Kwa hiyo ni sisi."

"Hakuna mwizi. Kila mlipoilinda, mlikwangua dhahabu kidogo."

Nilitegemea akasirike. Badala yake aliniuliza swali ambalo nimelibeba mpaka leo nimestaafu. Aliniuliza: ingelala nzima, kichwa na bamba pamoja, ingelala kwa nani?

Nilitazama watu waliokaa kwenye pamba yao, kila mmoja akimtazama mwenzake, nikaona hakuna nyumba moja hapo ambayo wengine wote wangekubali mizani ilale. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuwashauri waaminiane. Nikaufunga. Kuaminiana si kipuri, hatuuzi dukani kwetu.

Mkutano wa alasiri ulifanyika, lakini shauri la Minza halikusomwa. Nilisafisha pini zile kwa raba ya shule na spiriti ili zisogeze siku mbili tatu, nikawaambia wapime mizigo midogo midogo na wasukume soketi mbele ya mwenye pamba. Kisha nikarudi Bariadi kutafuta konekta, yaani kiungo cha kuchomeka waya, cha kushika nafasi ya heda ile. Mara ya kwanza katika kazi yangu sikuanza kwa kuuliza nafasi ya pini, wala volti. Nilianza kwa kuuliza: nani ataichomoa, mara ngapi, na hamwamini nani? Wadogo zangu, swali hilo la tatu halipo kwenye kitabu chochote cha vipuri, na ndilo litakalowaokoa. Watu hawatawaambia wenyewe. Ulizeni kwa adabu, huku mnakunywa chai yao.

Nilichagua konekta ya duara ya chuma, yenye pini za dhahabu nene, iliyotengenezwa kwa vyombo vinavyochomolewa kila siku. Ina mfereji unaoifanya iingie namna moja tu, na pete ya kukaza kwa kuzungusha ili isitikisike. Nikaifunga nje ya kisanduku. Ile heda ya ndani nikaing'oa, nikaweka mpya yenye kuta, ya dhahabu kwa dhahabu, nikachomeka soketi na kuibandika kwa gundi. Hiyo sasa ilipata maisha iliyozaliwa nayo, ya kuchomekwa mara moja na kusahauliwa. Ile ya zamani imo kwenye kopo, juu kabisa. Mkiitazama kwa lenzi mtaona jioni zote za kituo kile.

Niliporudi Sola kuifunga, Mzee Shigela aliitazama konekta mpya kwa muda, hakuipenda. Ilikuwa inang'aa mno. Nikampa sumaku, ile aliyoniachia Fundi Lukelesha, nikamwonyesha namna ya kumtafuta mwongo. Alijaribu pini zote moja moja. Akajaribu na kitasa cha ghala, na bangili za wanawake waliokuwa karibu, wakamkimbia wakicheka. Sumaku hakuirudisha, nami sikuidai. Ile mliyoikuta kwenye sanduku ni ya pili.

Asubuhi iliyofuata alikuja na kichwa cha mizani chini ya kwapa kama kawaida, akakiweka mezani, akarudi nyuma. Minza akakiokota, akachomeka, akakaza pete. Watu wakangoja jiwe. Jiwe halikutoka. Mzee alivua kofia, akavua na viatu, akapanda mwenyewe juu ya bamba akasimama wima kama askari.

Hakumtazama mkamwana wake. Aliangalia mbele, kwenye mashamba. "Karani, soma."

Minza alisoma kwa sauti, kilo na nukta yake. Hakupiga kofi.

Mzee akafikiri. "Mbona nimepungua?" akasema, na watu wote wakamgeukia karani, maana hilo ndilo neno lililoanzisha kila kitu.

Minza akainua uso. Sikuwa nimewahi kumsikia akimwambia neno.

"Si mizani, baba. Ni wewe."

Kicheko kilianzia kwa wanawake wa bangili, kikaenda mpaka kwenye mizigo ya mwisho. Mzee alishuka akitafuta viatu vyake kwa miguu, uso ameugeuzia pembeni, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Kisha mzigo wa kwanza ukapandishwa, na ulikuwa wa kwake.

Nilikaa mpaka jioni nione siku nzima inavyokwenda. Namba hazikushuka. Jua lilipoinama, Mzee Shigela akalegeza pete, akachomoa kichwa, akakitia kwapani akaondoka nacho nyumbani. Minza akafunga ghala, akavuta kitasa mara mbili kuhakikisha, akaondoka na ufunguo. Konekta ile nilikuwa nimeichagua kwa kazi hiyo, ya kuchomolewa kila jioni.